Foklifti, lumbesa na dakika 16: Somo kwa wenye maghala Tarime na Serengeti

Msimu wa mavuno unapofika, bei ya mahindi ya Sirari hutazamwa na wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka. Mwenye ghala mjini Tarime naye huwa na hesabu zake mbili: gunia limemgharimu kiasi gani hadi kufika mlangoni, na lori litakaa uwanjani kwake muda gani kabla ya kuondoka. Hesabu hii ya pili ndiyo inayowafanya baadhi ya wafanyabiashara wa wilaya za Tarime na Serengeti waanze kufikiria kukodi au kununua foklifti, ile mashine yenye meno mawili ya chuma mbele ambayo huinua mzigo na kuupanga ghalani.

Katika wilaya hizi kazi kubwa ya kupakia na kupakua bado hufanywa kwa mabega. Tarime ina kahawa, mahindi, ndizi na mihogo. Ng'ambo ya Mto Mara, wilaya ya Serengeti yenye makao yake makuu Mugumu ina pamba, tumbaku na mahindi, na bidhaa za kuhudumia kambi na hoteli za watalii hupita huko huko. Saruji, mabati, mbolea na vinywaji huja kwa malori kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Karibu kila kilo ya shehena hiyo hupita juu ya bega la kibarua angalau mara mbili.

Foklifti inaondoa mzigo begani, lakini haimwondoi kibarua uwanjani. Mara nyingi humwacha pale pale, sasa akiwa pembeni ya chuma cha tani kadhaa kinachotembea. Hapo ndipo hasara huanza, na ni hasara ya aina ambayo haiandikwi kwenye ankara ya mkodishaji.

Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu foklifti Desemba 1999. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1980 hadi 1994 ilikuta wafanyakazi 1,021 waliouawa katika ajali za mashine hizo. Asilimia 22 ya vifo hivyo ilitokana na mashine kupinduka. Asilimia 20 walikuwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu wakagongwa. Asilimia 16 walibanwa au kupondwa na mashine, na asilimia 9 walianguka kutoka juu yake.

Msomaji anaweza kusema Marekani ni mbali. Lakini foklifti zinazoingia Afrika Mashariki, nyingi zikiwa zimeshatumika kwingine, ni zile zile, na sheria ya uzito haina uraia. Ghala la huko lina sakafu ya saruji iliyosawazishwa. Uwanja wa Tarime, mji uliojengwa katika nchi ya vilima, una changarawe, mifereji ya mvua na mteremko.

MASHINE NI PEMBEA

Mtu aliyewahi kucheza pembea ya ubao akiwa shule ya msingi ameshaielewa foklifti nusu. Ubao una kiegemeo katikati, mtoto mmoja huku na mwingine kule. Kwenye foklifti kiegemeo ni ekseli ya mbele. Upande mmoja kuna mzigo juu ya meno, upande wa pili kuna injini na donge zito la chuma lililowekwa nyuma kwa makusudi. Ndiyo maana mashine yenyewe huwa na uzito wa karibu mara moja na nusu hadi mara mbili ya mzigo inaoruhusiwa kubeba.

Mtoto mwepesi akikaa mwisho kabisa wa ubao anaweza kumwinua mzito aliyekaa karibu na katikati. Kwa foklifti ni hivyo hivyo. Kilo peke yake hazisemi kitu mpaka ujue zimekaa umbali gani kutoka kwenye ekseli. Kila foklifti huja na kibao cha chuma kinachoeleza uwezo wake, na kibao hicho hutaja mambo mawili au matatu kwa pamoja: uzito, umbali wa kitovu cha mzigo, na urefu wa kuinua. Kwa mashine ndogo zisizofika tani 5, umbali wa kitovu unaotumika kwa kawaida ni milimita 500 kutoka kwenye kisigino cha meno, yaani pale meno yanapopindia kwenda juu.

Madereva wengi husoma namba ya kwanza tu. Wakiona 1,500 wanasema mashine ni ya tani moja na nusu, basi.

Tuchukue mfano wa mezani. Tuseme ghala lina foklifti ya kilo 1,500 kwa kitovu cha milimita 500, na kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi kisigino cha meno ni milimita 400. Mzigo umepangwa juu ya paleti, ile fremu ya mbao, yenye kina cha milimita 1,200. Ukiwa umepangwa sawasawa, kitovu cha mzigo huo kipo katikati ya paleti, milimita 600 kutoka kwenye kisigino. Si 500 tena.

Hesabu ni hii: 1,500 mara 900, gawanya kwa 1,000. Jibu ni kilo 1,350. Mashine ya "tani moja na nusu" imeshapoteza kilo 150 kabla haijainua kitu, kwa sababu tu ya urefu wa paleti. Hesabu hii ni ya kuelewea jambo. Uamuzi wa mwisho ni wa kibao na mtengenezaji wa mashine, ambaye pia hupunguza uwezo kadiri meno yanavyopanda juu.

LUMBESA INAVYOIBA MARA MBILI

Sasa yaletwe magunia. Magunia 12 ya kilo 100 ni kilo 1,200, na paleti tuseme kilo 25. Jumla ni 1,225, chini ya 1,350. Mashine inafanya kazi yake bila shida.

Lakini kila mtu aliyenunua mazao mashambani anaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba ili lichukue zaidi ya kipimo. Wakala wa Vipimo umeipiga vita kwa miaka mingi, na kilio kikubwa kimekuwa cha mkulima anayeuza kilo 130 kwa bei ya 100. Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi. Magunia 12 ya kilo 130 ni kilo 1,560. Pamoja na paleti ni 1,585. Mashine yetu inaruhusiwa 1,350, kwa hiyo imezidishiwa kilo 235, na dereva hana habari. Yeye amehesabu magunia, kama anavyohesabu kila siku, akapata 12.

Kuna zaidi ya hapo. Gunia la lumbesa ni nene na refu, halikai ndani ya paleti. Linaning'inia nje, na kitovu cha mzigo kinasogea mbele tena kwa kiasi ambacho hakuna anayekipima. Uwezo unashuka huku uzito ukipanda. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayogeuza foklifti, na yakipungukiwa uzito usukani unakuwa mwepesi mkononi. Dereva mzoefu akihisi wepesi huo hushusha mzigo mara moja. Asiye mzoefu humwita mtu akae nyuma ya mashine aongeze uzito. Kitendo hiki kimezoeleka katika maghala mengi duniani na hakina utetezi wowote.

Je, mfanyabiashara anapata nini kwa kuzidisha? Tuseme lori limeleta magunia 240 ya lumbesa, yaani tani 31 na kidogo. Kwa magunia 12 kwa safari ni safari 20. Akifuata hesabu na kuweka magunia 10, ambayo pamoja na paleti ni kilo 1,325, ni safari 24. Ikiwa safari moja huchukua dakika 4, tofauti yote ni dakika 16.

Hiyo ndiyo bei ya kuheshimu kibao kwa lori zima. Haifiki hata muda wa dereva wa lori kumaliza chakula chake cha mchana kwenye mgahawa wa jirani.

Saruji ni rahisi zaidi kwa sababu mfuko wa kilo 50 huwa kilo 50. Hata hivyo mitego ipo. Mifuko 30 ni kilo 1,500 kamili, nayo huvutia kwa sababu ni namba ya mviringo na inafanana na iliyo kwenye kibao. Kwa paleti ya mfano wetu, mwisho ni mifuko 26. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kuandika namba hiyo kwa rangi ukutani, ili kijana aliyeajiriwa jana asiulize.

Marobota ya pamba yana tabia yake. Robota si kubwa mno kwa uzito, lakini yakipandishwa matatu au manne juu ya meno yanamziba dereva macho. Mzigo ukiziba macho, dereva huendesha kwa kurudi nyuma akitazama anakokwenda, au awe na mtu wa kumwongoza anayesimama mahali anapoonekana. Kuchungulia pembeni kwa kutoa kichwa nje ya fremu si njia ya tatu.

UWANJA WENYE MTEREMKO

Wenye maghala hutumia fedha nyingi kwa mashine na kusahau ardhi. Kwa Tarime na Mugumu hili ndilo kosa ghali.

Mashine yenye magurudumu manne husimama juu ya pembetatu. Pembe mbili ni magurudumu ya mbele, ya tatu ni pale ekseli ya nyuma ilipofungwa katikati kwa pini inayoiruhusu kuchezacheza. Kadiri uzito unavyobaki ndani ya pembetatu hiyo, mashine inasimama. Ukitoka nje, inalala. Pembetatu ni nyembamba upande wa nyuma, ndiyo maana foklifti tupu inayokata kona kwa kasi hupinduka kwa urahisi ambao humshangaza dereva.

Chukua uwanja unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mteremko ambao mwenye ghala aliyeuzoea anaweza kuuita tambarare. Mashine ikisimama kwa ubavu kwenye mteremko huo na mzigo ukiwa mita 3 juu, kitovu cha mzigo kinakuwa kimesogea sentimeta 30 upande wa chini. Nusu ya upana wa foklifti ndogo ni kama sentimeta 50. Bado hapo hakijaongezwa kishimo kilichoachwa na mvua chini ya gurudumu moja.

Kanuni zinazotokana na hesabu hiyo ni fupi. Meno yabaki sentimeta 15 hadi 20 kutoka chini wakati wa kutembea, na mlingoti uinamishwe nyuma kidogo. Mzigo upandishwe juu mashine ikiwa imesimama mbele ya rundo tu. Kwenye mteremko wenye mzigo, mzigo uelekee mlimani: kupanda ni kwa kwenda mbele, kushuka ni kwa kurudi nyuma. Bila mzigo ni kinyume chake, meno yaelekee bondeni. Hakuna kugeuza mashine katikati ya mteremko, hata kama uwanja ni mkubwa na hakuna mtu.

Aidha, magurudumu yana maana. Foklifti nyingi zilizotumika viwandani zina magurudumu madogo ya mpira mgumu yaliyotengenezwa kwa sakafu laini, na tumbo la mashine liko karibu na ardhi. Mashine kama hiyo ikishushwa kwenye changarawe wakati wa masika hunasa, na ikinasa dereva huikanyagia mafuta. Anayenunua kwa ajili ya uwanja wa udongo anahitaji magurudumu makubwa ya upepo, au kwanza asakafie njia kutoka langoni hadi mlangoni mwa ghala. Mara nyingi saruji ya njia hiyo ni rahisi kuliko tofauti ya bei ya mashine. Ni hesabu ya kufanywa kabla ya kulipa.

WATU KUZUNGUKA MASHINE

Kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa, foklifti husogea karibu mita 3 kila sekunde. Hizo ni mita 3 kabla mguu wa dereva haujagusa breki, kama amechelewa sekunde moja tu kumwona mtu.

Pale lori linapofika, uwanja hujaa. Yupo dereva na utingo wake, karani wa kuhesabu, vibarua, mama lishe anayepeleka chai, na mnunuzi aliyekuja kuonja ubora. Wote wanaamini kwamba dereva wa foklifti anawaona. Yeye ana mlingoti mbele ya macho, mzigo mbele ya mlingoti, na sehemu ya nyuma ya mashine inayopepea nje anapogeuka kwa sababu magurudumu yanayogeuza yako nyuma. Anayesimama karibu na ukuta akidhani amepisha ndiye hubanwa.

Maghala yaliyofaulu hayategemei kelele za "pisha!" Yamechora mstari. Upande mmoja ni wa mashine, mwingine ni wa miguu, na karani huhesabu akiwa nyuma ya mstari. Kamba na mapipa matupu yaliyopakwa rangi hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo sana. Riflekta kwa kila anayeingia ni nyongeza nzuri, lakini riflekta haimsimamishi dereva ambaye mzigo umemziba.

Lori nalo liwe limezimwa, magurudumu yamewekewa kabari au mawe makubwa, na ufunguo uwe mkononi mwa mtu wa ghala hadi kazi iishe. Lori lililosogea nusu mita wakati meno yako ndani ya bodi linatosha kuangusha mashine na vibarua waliosimama juu ya shehena.

Halafu kuna mazoea ambayo karibu kila ghala huyaona madogo. Gunia la juu limekwama. Dereva anamwambia kijana, "Mura, panda kwenye paleti nikuinue ulichomoe." Kijana anajibu, "Sawa kaka, ila taratibu." Meno yanapanda mita 3, kijana anavuta gunia la kilo 100, gunia linakuja ghafla, naye hana pa kushika. Meno ya foklifti hayakutengenezwa kubeba mtu. Kipo kizimba maalumu chenye vyuma vya kuzuia, kinachofungwa kwa minyororo kwenye mashine iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Pasipo kizimba kuna ngazi.

Na kutembea chini ya meno yaliyoinuliwa, hata yakiwa matupu, kunasubiri tu siku mpira wa haidroliki utakapopasuka.

IKIANZA KULALA

Silaha ya kwanza ya mtu anayeona chombo kinapinduka ni kuruka. Kwa foklifti ya kukalia, kuruka ndiko kunakoua. Mtu huruka upande ule ule mashine inakoangukia, na fremu ya juu iliyowekwa kumlinda ndiyo humkuta chini.

Mafunzo yote ya foklifti za aina hii hufundisha jambo moja: dereva abaki kitini, mkanda ukiwa umefungwa, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu na kuegemea upande wa pili, mbali na mashine inakoangukia. Jambo hili haliwezi kufikiriwa upya katika sekunde moja. Lazima liwe limeshafundishwa na kurudiwa, na mkanda uwe umefungwa tangu asubuhi. Madereva wengi hukalia mkanda, wakisema huwachelewesha kushuka na kupanda. Mwenye ghala ndiye wa kusema hapana, kwa kuwa msimamizi naye mara nyingi huukalia.

NANI ASHIKE USUKANI

Kujua kuendesha Fuso hakumfanyi mtu kuwa dereva wa foklifti. Gari hugeukia mbele, hii hugeukia nyuma. Gari likipakiwa huwa zito kwenye ekseli ya nyuma, hii huwa nyepesi. Mazoea ya barabarani, hasa ya kukata kona haraka, yanageuka kuwa hatari ghalani.

Mafunzo ya mashine hizi yamekuwa yakitolewa nchini na vyuo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji jijini Dar es Salaam. Nauli na ada ya mtu mmoja kutoka Mugumu si fedha ndogo kwa mwenye ghala la kati. Hata hivyo wafanyabiashara watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia na kupeleka dereva mmoja kila mmoja, au kumleta mkufunzi. Nchini Marekani kanuni zinataka mwajiri ampime upya dereva wa foklifti angalau kila baada ya miaka 3, na mapema zaidi akipata ajali au akionekana kuendesha ovyo. Ni kipimo ambacho ghala la Tarime linaweza kukichukua bila kungoja kulazimishwa.

Kwa upande wa sheria za Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, enzi za ukoloni. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, na mitambo ya kuinulia iwe inakaguliwa. Msimamizi wake ni OSHA, wakala ulioundwa mwaka 2001, ambao Kanda ya Ziwa huhudumiwa kutoka Mwanza.

Jambo linalowagusa wafanyabiashara moja kwa moja ni fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko, WCF, ambao ulianza kukusanya michango ya waajiri Julai 2015. Mchango huo hutolewa na mwajiri na hukokotolewa kutokana na orodha ya mishahara. Sasa tazama uwanja wa ghala siku ya lori: kati ya watu kumi wanaozunguka mashine, wangapi wamo kwenye orodha? Vibarua huchukuliwa getini asubuhi, hulipwa taslimu jioni, na jina halibaki popote. Mmoja wao akivunjika mguu, familia huanza kutafuta ushahidi kwamba alikuwa kazini, na mwenye ghala huanza kutafuta maneno. Daftari la vibarua lenye jina, tarehe na malipo linamlinda kijana huyo, na linamlinda mwenye ghala pia dhidi ya mtu asiyemjua atakayedai aliumizwa pale.

MGODI KAMA DARASA

Wilaya ya Tarime ina mahali ambapo mashine za kuinulia si habari mpya. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002 na umepita katika mikono ya Placer Dome, Barrick na Acacia. Barrick iliichukua Acacia yote mwaka 2019, na tangu 2020 umekuwa chini ya kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16.

Mgodi wa aina hiyo hupokea vitu ambavyo bega haliwezi: vipuri vya tani nyingi, chokaa kwenye mifuko mikubwa, na sayanidi ya kuchenjulia dhahabu, ambayo katika biashara ya dunia kwa kawaida husafirishwa kwa masanduku ya tani 1. Sanduku la sayanidi likitobolewa na meno ya foklifti, ajali si ya ghala tena. Ndiyo sababu katika migodi mikubwa dereva hupewa kibali cha mashine fulani tu, na kibali cha mashine moja hakimruhusu kupanda nyingine.

Kanuni za ushiriki wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zilifungua mlango kwa wauzaji wa ndani. Anayetaka kuuza huko kwa kawaida huulizwa habari za usalama pamoja na bei. Mfanyabiashara wa Tarime mwenye daftari la ukaguzi wa foklifti, vyeti vya madereva na kumbukumbu za ajali ana karatasi za kuweka mezani. Mwenzake mwenye mashine ile ile bila karatasi ana mashine tu.

KABLA YA KULIPIA MASHINE ILIYOTUMIKA

Anayekwenda kuitazama foklifti aanze na kibao. Kama kimeng'olewa, kimepakwa rangi au hakisomeki, hajui ananunua uwezo gani, na bei ishuke au aondoke. Kama mashine imefungiwa kifaa kingine mbele, uwezo wa zamani haupo tena.

Kisha apime unene wa meno kwenye kisigino na kuulinganisha na sehemu ya juu isiyosuguka. Meno yaliyolika asilimia 10 yamepoteza kama asilimia 20 ya uwezo wake na hayafai kutumika tena. Kwa jino la milimita 40, hizo ni milimita 4 tu, unene ambao jicho la kawaida halioni lakini rula ya fundi inauona. Meno yaliyochomelewa na fundi wa mtaani yakataliwe.

Atazame minyororo ya mlingoti, mipira ya haidroliki, mafuta chini ya mashine, breki, breki ya mkono kwenye mteremko, honi na mkanda. Ainue mzigo unaojulikana uzito, auache juu kwa dakika 10 huku watu wakiwa mbali, aone kama unashuka wenyewe. Kama ghala ni la kufungwa na mashine ni ya dizeli au petroli, aulize moshi utatokea wapi, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu.

Ukaguzi huo huo, ukiondoa bei, ndio dereva anaopaswa kuurudia kila asubuhi kwa dakika 5 kabla ya kuwasha. Jioni meno yashushwe hadi yaguse ardhi, breki ya mkono ivutwe, na ufunguo utolewe. Ufunguo wa foklifti usiachwe kwa mlinzi wa usiku pamoja na funguo za milango.